Wazazi wenye watoto shule ya msingi: mapunye hayaishi kwa kupaka krimu, na mashine ya kinyozi inayazungusha mtaa mzima

Kinyozi_Mbagala (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni kinyozi, nina saluni ndogo huku Mbagala na wateja wangu wengi ni watoto wa shule ya msingi. Shule zikikaribia kufunguliwa, Januari na ile ya Julai, huwa sipumui, mama anakuja na wanawe na wa jirani humo humo anasema wape kipara wote, anaacha hela anaenda zake sokoni. Sasa mimi mtoto namwona kwa juu, mzazi anamwona kwa mbele, kwaio kuna vitu naviona mimi kabla ya mzazi. Na kinachoniuma kuliko vyote ni mapunye, wengine mnaita mashilingi, wengine choa cha kichwani, ni kitu kile kile.

Mtoto anakuja Januari ana kiduara kimoja nyuma ya sikio, pamekauka, pana unga unga mweupe, nywele zimekatika. Namwambia mama huyu mpeleke hospitali. Mama anajibu aah hivyo vya utoto tu nitampaka dawa. Muhula wa Julai anarudi, kichwa kizima kimeshikwa, mdogo wake nae anavyo, na mtoto mwenyewe hataki kuvua kofia mbele za watu, anakaa kwenye kiti ameinamisha kichwa kabla hata sijamwambia ainame. Mtoto wa darasa la pili anaona aibu ya kichwa chake jamani, na ni ugonjwa unaotibika kabisa.

Nimeuliza sana matabibu wa ngozi kuhusu hii kitu maana ni kazi yangu, na mengine nimeyaona kwa macho yangu kwenye kiti, kwaio naandika kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Kwanza mapunye sio uchafu. Naomba hili liingie vizuri. Ni fangasi anayeishi kwa kula keratini, ile protini iliyoko kwenye nywele na ngozi ya juu. Anawapenda watoto kuanzia umri wa chekechea mpaka wanapokaribia kubalehe, na sababu yake ni kwamba mtu akibalehe ngozi ya kichwa inaanza kutoa mafuta ambayo fangasi huyu hayamfai. Ndio maana unakuta watoto watatu wa nyumba moja wanayo na baba yao wanaotumia nae mto mmoja hana hata alama. Sasa wewe muogeshe mtoto asubuhi na jioni kwa sabuni ya bei yoyote ile, kama amebadilishana kofia na mwenzie mwenye mapunye au amenyolewa na mashine iliyotoka kwenye kichwa chenye mapunye atapata tu. Nimeona watoto wa watu wenye uwezo, wanaletwa na gari, wanayo.

Pili kupaka. Fangasi huyu hakai juu ya ngozi peke yake, anaingia ndani ya unywele anateremka nao mpaka kwenye shina lake chini ya ngozi. Krimu inaishia juu. Ukipaka unaona pametulia, ule unga umepungua, unafurahi unaacha, afu baada ya muda panachipua tena palepale na pembeni yake. Dawa inayotibu ni ya kumeza, inaandikwa hospitali kwa uzito wa mtoto, na inamezwa wiki kadhaa sio siku tatu. Na kuna krimu ambazo zinaharibu kabisa, zile za mchanganyiko ambazo ndani yake kuna steroidi kama betamethasoni. Hizo zinaondoa muwasho haraka sana mzazi anaziamini, kumbe zinapunguza nguvu ya ngozi kupigana na huku chini fangasi anasambaa. Kabla hujanunua krimu yoyote ya mtoto duka la dawa uliza ina steroidi au haina.

Tatu ndio sehemu yangu mimi, mashine. Hapa nitakaa kidogo.

Mashine ya kunyolea ina bledi mbili, moja imekaa moja inatembea, na katikati yake vinabaki vipande vidogo vya nywele, unga wa ngozi na mafuta. Mtoto mwenye mapunye nywele zake zimejaa vijimbegu vya fangasi na ni dhaifu zinakatika zenyewe, kwaio zinabaki kwa wingi humo katikati. Kinyozi anamaliza anachukua pamba yenye spiriti anafuta kwa juu mara moja, anaita anayefuata. Spiriti imepita juu ya chuma, vipande vya nywele viko vilevile ndani vikisubiri kichwa kingine. Tena kipara kinapitishwa mashine ikiwa imegusa ngozi kabisa, inakwaruza kidogo kidogo bila damu kuonekana, na ngozi iliyokwaruzwa ndio mlango wenyewe. Na vijimbegu hivi sio vya kufa haraka, vinaweza kukaa miezi kwenye kichana, kofia au mto vikisubiri.

Kuna wale wanaomwagia spiriti wanawasha kiberiti, moto unawaka wa bluu mteja anaona kila kitu kimeuawa. Ule moto unawaka juu sekunde chache na unaisha, zile nywele za katikati ya bledi hazijaguswa, na bledi inapoteza makali. Kuna na lile boksi la taa ya bluu tunaloliita sterilaiza. Taa ile inafanya kazi pale tu mwanga wake unapofika, tena kwenye chuma kisafi. Ukitumbukiza mashine ina nywele unaifunga humo umeiwekea taa tu.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Nina seti zaidi ya moja ya bledi, na vile vichana vya plastiki vya mashine navyo nina vya kubadilishia. Nikimaliza kichwa napiga brashi mpaka nywele zote zitoke, bledi naitoa, naosha kwa sabuni, nakausha, naitumbukiza kwenye chombo cha spiriti ya asilimia 70 inakaa dakika 10 na zaidi wakati natumia nyingine. Vichana vya plastiki na brashi naloweka kwenye Jik, sehemu moja ya Jik kwa sehemu tisa za maji, dakika hizo hizo, halafu nasuuza. Bledi siweki Jik maana inakula chuma. Jioni natia oili. Taulo la shingoni ni moja kwa kila mtoto, na ile brashi ya kufutia poda shingoni nimeiondoa kabisa saluni kwangu, natumia tishu, sababu ile brashi ndio inapita kwa watu wote kutwa nzima na haioshwi hata mwezi.

Mtoto mwenye mapunye simkatalii mbele za watu. Namwita mzazi pembeni namwonyesha namwambia huyu asinyolewe na mashine ya watu wote mpaka aanze dawa, na kumtibu hakuhitaji kumnyoa kipara. Kama mzazi anaweza anunue mashine ndogo ya kuchaji iwe ya nyumbani kwake, mtoto aje nayo nitamnyoa nayo bure hata.

Wewe mzazi ukienda saluni usione haya kumwambia kinyozi bledi hiyo osha kwanza. Ni haki yako, na sio kwa mapunye tu, mashine na wembe vikichubua ngozi kuna homa ya ini na mengine unayoyajua. Kinyozi akinuna nenda kwingine.

Naomba wataalamu waje waongezee na wazazi mseme mnayokutana nayo.

Mama_Pacha

Asante sana mleta uzi umenigusa penyewe. Mimi mwanangu wa kiume ana miaka saba alianza na kiduara hivyo hivyo, nikapaka dawa ya tyubu, nikapaka mafuta ya nazi na kitunguu swaumu nilivyoelekezwa na majirani, sasa wiki hii pale pale pamevimba kama jipu, pamelainika ukigusa, panatoa usaha na nyuma ya shingo ana tezi zimetokeza kama karanga. Usiku analia. Jirani anasema likiiva lipasuliwe. Nipasue au niache? Naomba mwenye kujua anisaidie leo leo.

Tabibu_Ngozi

Mama Pacha usipasue na usikamue, tafadhali sana. Kesho asubuhi mtoto awe hospitali. Hilo sio jipu la kawaida, kwa unavyoeleza ni mapunye yaliyochokoza kinga ya mwili ikaja juu, kitaalamu linaitwa kerioni. Linaonekana kama jipu, lina usaha, linalainika, nywele zinang'oka zenyewe ukizivuta, tezi za nyuma ya shingo zinavimba na wengine wanapata homa. Likipasuliwa halitoi kitu cha maana, mtoto anaumia bure, na kovu linakuwa kubwa. Kinachotakiwa ni dawa ya fangasi ya kumeza mapema, na tabibu ataamua kama anahitaji kitu kingine cha kutuliza uvimbe au kama kuna bakteria wamejiingiza. Haraka inatakiwa sababu kerioni likikaa linaua mashina ya nywele na pale panabaki upara wa maisha. Waambie kabisa hospitali ni krimu gani ulikuwa unampaka, beba na tyubu yenyewe.

Mleta uzi nakupongeza, umeeleza vizuri kuliko wengi wa kwetu. Naongezea machache.

Dalili haziko za aina moja. Kuna lile duara lenye magamba ambalo nywele zimekatika juu kidogo ya ngozi. Kuna lile ambalo nywele zimekatikia usawa wa ngozi kabisa unaona vinukta vyeusi vyeusi, hili mzazi anaweza asione mapema kwa mtoto aliyenyolewa. Na kuna la tatu ambalo ni rahisi kutolitambua, kichwa kinatoa unga tu kama mba. Mtoto wa darasa la kwanza kuwa na mba sio jambo la kawaida, mba ni ya watu waliobalehe na watoto wachanga sana. Kwaio ukiona mtoto wa miaka sita mpaka kumi ana mba ya muda mrefu na tezi za nyuma ya shingo, fikiria mapunye kwanza. Lakini duara lenye ngozi laini kabisa inayong'aa bila magamba wala muwasho linaweza kuwa ugonjwa mwingine ambao dawa ya fangasi haiusaidii, ndio maana nasisitiza aonwe na mtu.

Dawa za kumeza tunazotumia sana ni griseofulvini na terbinafini. Griseofulvini inamezwa wiki 6 hadi 8, wengine inafika 12, na inaingia mwilini vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, kwaio mpe na maziwa au chakula kilichoungwa karanga au nazi, ukimpa na chai ya rangi kavu sehemu ya dawa unaipoteza. Terbinafini muda wake ni mfupi, mara nyingi kama wiki 4, na dozi zote mbili zinakwenda kwa kilo. Fangasi wenyewe wako wa makundi, Trichophyton na Microsporum ndio wakubwa kwa kichwa, na terbinafini ina nguvu zaidi kwa kundi la kwanza, griseofulvini kwa la pili. Mtoto mwenye shida ya ini mseme mapema. Kosa linalorudisha mapunye kuliko yote ni mzazi kuacha dawa nywele zikianza kuota. Maliza.

Shampuu za ketokonazoli au seleniamu salfaidi mara mbili kwa wiki, unaacha povu dakika tano ndio unasuuza, haziponyi peke yake ila zinapunguza vijimbegu asiambukize wenzie. Na hiyo shampuu waoshe wote wa nyumba ile pamoja na mama na dada wa kazi, maana mtu anaweza kuvibeba kichwani hana dalili hata moja na anavirudisha kwa mtoto kila siku.

Hizi dawa za kumeza tuzithamini. Kabla griseofulvini haijaanza kutumika kwa watu mwaka 1958, watoto wenye mapunye huko Ulaya na kwingine walikuwa wanapigwa mionzi ya eksirei kichwani ili nywele zote zing'oke, na miaka mingi baadaye ikaonekana waliopigwa mionzi wanapata uvimbe wa kichwani na saratani ya tezi ya shingo kuliko wenzao. Leo ni vidonge.

Walioko kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 na matabibu waliosomea pale wako mikoa mingi na nchi jirani pia, kwaio ulizeni hospitali ya wilaya au mkoa siku ya kliniki ya ngozi.

Fundi_Seremala

Mimi nakumbuka utotoni tulikuwa tunapakwa maji ya betri ya gari, na wengine mafuta ya taa, tena tulipona. Siku hizi mnatumia hela nyingi hospitali. Nauliza kwa nia njema, kuna ubaya gani maana wengine hospitali ni mbali?

Tabibu_Ngozi

Mkuu nakujibu kwa nia njema pia. Maji ya betri ni asidi. Inaunguza ngozi ya mtoto, inaweza kuingia jichoni, na pale ilipounguza sana nywele zinaweza zisiote tena. Mafuta ya taa yanababua ngozi, mtoto akivuta mvuke wake au yakimwingia mdomoni anaweza kuharibika mapafu, na kama kuna jiko au kibatari karibu ni moto juu ya kichwa cha mtoto. Nimepokea watoto waliochomwa na tiba hizi na hali zao zilikuwa mbaya kuliko mapunye waliyokuwa nayo. Kuhusu kupona, wengi waliopakwa walipona walipobalehe, maana mapunye mengi yanaisha yenyewe umri ule ukifika, ikaonekana dawa ndio imeponya. Lakini mtoto wa miaka sita kusubiri balehe huku akiambukiza darasa zima na akichekwa sio sawa.

Kwa aliye mbali na hospitali, aanze na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hata kama dawa hawana siku hiyo watamwandikia na kumpa uzito sahihi, akinunua duka la dawa ananunua kitu kinachoeleweka.

Ticha_Darasa_la_Pili

Naomba niseme upande wa shule maana huwa tunasahaulika. Jumatatu asubuhi paredi tunakagua kucha, sare na nywele. Mtoto akiwa na nywele ndefu kuna utaratibu umezoeleka shule nyingi, mwalimu wa zamu anakata kipande cha katikati kwa mkasi ili mzazi alazimike kumnyoa jioni. Mkasi ni ule ule, mstari mzima, kichwa hadi kichwa. Nimesoma uzi huu nikakaa kimya muda mrefu. Hatujawahi kuufuta hata kwa pamba.

Na kuna jingine, kamati ya wazazi iliwahi kuleta kinyozi aje anyoe darasa zima kwa bei nafuu, mashine moja, uwanjani, chini ya mwembe, nia ilikuwa njema kabisa kusaidia wasio na hela.

Swali langu kwa tabibu, mtoto mwenye mapunye tumrudishe nyumbani mpaka apone? Maana wiki 8 ni muhula unakatika, na kuna mzazi akirudishiwa mtoto hamleti tena.

Tabibu_Ngozi

Mwalimu usimrudishe nyumbani wiki 8. Akishaanza dawa ya kumeza na shampuu anaweza kuendelea na shule. Mwite mzazi aje faragha, usimtaje mtoto mbele ya darasa, mweleze aende hospitali. Wakati huo huo angalieni wanaokaa nae dawati moja na ndugu zake waliopo madarasa mengine, maana mapunye hayaji kwa mtoto mmoja. Usimlazimishe avae kofia muda wote, na akivaa isiazimwe. Na mkasi wa paredi uondoeni. Kama nywele ni ndefu andikeni kwenye daftari mzazi asome.

Kisauni_Pwani

Salaam aleikum. Huku kwetu Mombasa nami nimeona haya haya, choa kwa watoto wa madrasa. Watoto wanaingia alasiri, kila mmoja ana kofia yake lakini wakianza mchezo kofia zinarushwa, zinabadilishwa, na anayekuja bila kofia ustadh anampa moja ya akiba iliyotundikwa ukutani. Ile ya akiba sijui imepita vichwa vingapi. Wasichana nao wana mitandio ya kubadilishana ikilowa mvua. Sisi tumekubaliana pale kwetu kila kofia ishonwe jina ndani na zile za ukutani zioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila Ijumaa. Je hiyo yatosha ama kuna la zaidi? Na paka je, maana watoto wetu wanalala na paka.

Tabibu_Ngozi

Wa aleikum salaam. Ni jambo zuri sana hilo la jina, na lile la ukutani bora liondoke kabisa, mtoto aliyesahau akae bila. Maji ya moto kweli, yale ya kuchemka, kisha jua. Mito na foronya za nyumbani hivyo hivyo. Paka naam, kuna aina ya Microsporum inayotoka kwa paka na mbwa, hasa paka wadogo, unaona nao wana mabaka yasiyo na manyoya usoni au masikioni. Ukiona hivyo paka apelekwe kwa daktari wa mifugo, vinginevyo mtoto atapona na kurudia. Ila sehemu kubwa ya mapunye tunayoyaona kwetu yanatoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto.

Shangazi_Leicester

Mimi nipo Uingereza, nimepita hapa nikitafuta chawa nikakuta mapunye, ila naona mada ni ndugu. Shule ya binti yangu imetuma barua kwamba kuna chawa darasani, wazazi tuangalie vichwa. Binti ana nywele za kusuka, nimefumua zote jana. Nimeona mayai mawili matatu karibu na shingo. Rafiki yangu kanambia nimnyoe yaishe, binti amelia vibaya sana. Je nimnyoe?

Tabibu_Ngozi

Dada usimnyoe kama hataki, hakuna ulazima. Chawa wa kichwani haruki wala hapai, anatembea, anahama vichwa vikigusana, watoto wakiinamiana kwenye simu moja au wakicheza. Akitoka kichwani anakufa ndani ya siku moja au mbili maana hana damu ya kunyonya, kwaio usihangaike kupiga dawa nyumba nzima na magodoro. Yai limegandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, linaanguliwa baada ya kama siku 7 hadi 10. Lile lililo mbali na ngozi mara nyingi ni ganda tupu. Kwaio kabla ya dawa yoyote hakikisha umeona chawa mwenyewe anayetembea.

Huko ulipo huduma ya afya ya NHS inashauri kuchana nywele zikiwa mbichi, umepaka kondishna nyingi, kwa kitana cha meno ya karibu sana cha chawa, kutoka kwenye ngozi mpaka ncha, siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, halafu unakagua siku ya 17. Siku zimepangwa hivyo ili wanaoanguliwa wachukuliwe kabla hawajakua wakataga. Nywele za kwetu kitana kile kinakwama, gawa vifungu vidogo vidogo, kondishna iwe ya kumwaga, anza na inchi moja ya chini kupanda juu. Ukishindwa kuna losheni za daimethikoni duka la dawa, hizo zinamfunika chawa akashindwa kuishi na hawajengi usugu kama walivyozoea zile dawa za pemethrini. Watu wote wa nyumbani mkaguliwe siku moja, na shule anaweza kwenda. Ukimaliza msuke zibane, nywele zilizosukwa zikafungwa hazigusani ovyo na za wenzie.

Huku nyumbani shule ya msingi wengi wananyolewa, na chawa anahitaji unywele wa kutagia, ndio maana kliniki nakutana na mapunye zaidi kuliko chawa.

Kinyozi_Temeke

Mleta uzi tuko fani moja na nakuunga mkono ila sema ukweli, mtoto ananyoa buku, kwingine jero. Nikianza kutoa bledi, kuosha, kuloweka dakika kumi, foleni ya Januari inahamia kwa jirani anayefuta na pamba. Mwenye saluni anataka hesabu yake jioni. Spiriti yenyewe inapanda bei. Hili unalitatuaje?

Kinyozi_Mbagala (mleta uzi)

Ndugu yangu swali lako ni la msingi na sina jibu la kukufanya usitumie hela. Mimi nilianza na bledi moja ya ziada tu, sio mashine ya ziada. Ukiwa na mbili, moja inaloweka moja inanyoa, na mtoto wa kipara huwezi kummaliza kabla ya dakika kumi ukijumlisha kumkalisha, kumfuta na kumwosha, kwaio muda unaenda sawa, hupotezi kichwa. Spiriti niliyolowekea situpi kila saa ila nabadilisha kila siku na ikichafuka mapema nabadilisha hapohapo, na chombo nakifunika isipotee hewani. Kilichonisaidia kwenye foleni ni kuweka kile chombo mbele ya kioo mzazi anaona bledi inazama na inatolewa. Wamama wanaambiana. Wapo waliohamia kwa wa jirani kwa ajili ya haraka, na wapo wanaonifuata kutoka Kongowe sasa hivi. Mwenye saluni wako mwonyeshe hilo.

Na vichana vya plastiki ni bei ya chini, hivyo angalau usiviache. Namba moja na namba mbili ndio zinapita watoto wote.

Mama_Pacha

Nimerudi. Nilienda hospitali asubuhi kama nilivyoambiwa. Daktari amesema ndio lile lile kerioni, amempa vidonge kwa uzito wake na shampuu, hajapasua, na ameniambia nirudi baada ya wiki mbili aangalie. Kisha akaniuliza watoto wengine wako wapi. Nilikuwa nimeenda na pacha mwenzie kashikwa mkono na shangazi yake, daktari akamgeuza kichwa akaangalia nyuma ya masikio, nae anavyo vinukta vyeusi, mimi sikuona kabisa maana nilikuwa natafuta duara. Wote wawili wameanza dawa. Nimempa na maziwa. Tabibu Mungu akubariki. Mleta uzi nitakutafuta, nataka nijue mashine ndogo ya nyumbani niangalie nini nikinunua.

Kinyozi_Mbagala (mleta uzi)

Pole sana mama na hongera kwa kuwahi. Mashine ya nyumbani angalia kitu kimoja, bledi yake iwe inatoka kwa skrubu mbili au kwa kubofya. Zile ambazo bledi haitoki usinunue hata kama ni bei rahisi maana hutaweza kuosha ndani. Na kwa sasa hivi usimnyoe yule mwenye uvimbe, acha nywele zake mpaka pakauke. Yule pacha mwenzie kama nywele zimezidi mpunguze kwa mkasi, mkasi uchemshwe.

Ticha_Darasa_la_Pili

Narudi na taarifa fupi. Nimeongea na mwalimu mkuu, mkasi wa paredi umesimama kuanzia Jumatatu hii, tutaandika kwenye daftari. Kikao cha wazazi ni mwisho wa mwezi na nimeomba dakika kumi na tano za kuzungumzia mapunye, lile la kinyozi wa uwanjani pia litajadiliwa, maana wapo wazazi ambao bila ile huduma watoto wao hawanyolewi kabisa na sitaki tuifute tukawaacha hivyo. Mleta uzi, kama uko tayari kuja siku hiyo na chombo chako ukawaonyesha wazazi na huyo kinyozi wetu namna ya kutoa bledi na kuloweka, nauli shule itatoa. Shule iko Mbagala hiyo hiyo.

Kinyozi_Mbagala (mleta uzi)

Mwalimu nitumie ujumbe pembeni tarehe na saa. Nauli acheni, nitakuja kwa miguu. Mwambie na huyo kinyozi aje na mashine yake mwenyewe anayotumia, tuifungue pale pale wazazi waone kilichomo ndani, na mimi nitaleta bledi moja ya akiba nimwachie.